Nusu Saa Juu ya Mawe Meusi

Kazi yangu ilikuwa kupima upepo. Kila saa kamili nilitoka kwenye chumba kidogo cha meteo, ofisi ya hali ya hewa, kando ya pisti ya ndege ya Goma, nikatazama mawingu, nikasoma vipimo, nikaandika, kisha nikampigia simu mtu wa mnara, yule aliyeongoza ndege kwa redio, nikamsomea nilichoandika. Alijibu, "Merci, papa meteo," akakata. Hatukuwa na mazungumzo mengine.

Muzee mmoja wa Butembo ndiye aliyenitoa kwenye chumba kile. Alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, mjane, mwenye malori matatu na kofia ya manyoya aliyoivaa hata wakati wa jua. Uzeeni akanunua Bujumbura ndege ndogo ya viti viwili, akajifunza kuirusha, akailaza kwetu Goma chini ya banda la mabati. Ndugu zake walimcheka. Walimwambia amenunua mashine isiyoweza kubeba hata magunia mawili ya maharage. Yeye aliwajibu, "Ya kubeba niko nayo. Hii ni ya kuangalia."

Hakupenda kuulizia upepo mnarani. Alikuja mwenyewe kwangu, akaketi juu ya sanduku, akanitazama nikiandika. Siku moja akasema, "Mutoto yangu, wewe unapima upepo kila siku. Umeisha kuingia ndani yake?"

Nikamwambia sijawahi kupanda ndege hata mara moja.

"Basi unapima kitu haujui," akasema. "Njoo Jumapili, kisha misa ya kwanza."

Ndivyo nilivyojifunza. Ilichukua karibu miaka minne, Jumapili moja moja, na mwisho mwalimu wa urubani aliyekuwa akipita Goma mara chache kwa mwaka alinitahini akanipa karatasi yangu. Mke wangu hakulipenda jambo hilo. Alisema mtu mwenye watoto hana haja ya kutafuta kifo mahali pasipo na mishahara. Lakini muzee alikuwa mtu mwoga, na woga wake ndio alionifundisha kabla ya kitu kingine chochote. Sindano inayoonyesha esansi, mafuta ya ndege, ni mwongo, alisema, kwa hiyo kila asubuhi tuliingiza kijiti ndani ya tangi na kuangalia kimelowa hadi wapi. Tulirudi chini tukiwa bado na esansi ya saa nzima. Wingu likishuka upande wa Sake, magharibi, hatukutoka, hata kama alikuwa amesafiri siku mbili kwa lori ili aje kuruka.

Na alikuwa akienda kuangalia nini? Mawe. Nyuma ya volkano zetu kuna nchi kubwa ambayo moto uliipitia ukaiacha bila mtu. Nilizaliwa si mbali nayo na sikuwa nimeijua, kwa sababu kwa miguu hakuna anayeingia mbali. Mawe yanakata viatu, na maji hakuna. Kutoka juu ni kitu kingine. Mawe ya zamani yameota kuvu, yamekuwa ya kijivu kama manyoya ya mbuzi. Mapya ni meusi na yanang'aa kama makaa yaliyomwagiwa maji. Katikati kuna vipande vya msitu ambavyo moto ulivizunguka bila kuvigusa, kila kimoja peke yake, kijani kabisa, na ndege weupe wakiruka kutoka kimoja kwenda kingine. Muzee aliweza kuitazama nchi hiyo bila kusema neno mpaka tutue.

"Angalia vizuri," alinifundisha, "lakini usiyakate katikati. Hapa hakuna pa kutua. Fuata ukingo, na panda juu sana, ili mashine ikizimika uteleze mpaka barabara ya Sake. Mutu wa kuruka anajua kila dakika ataanguka wapi."

Kisha mambo mawili yalitokea kwa mwaka mmoja. Vita vya milima ya Masisi vilianza kusogea karibu na Goma, na mke wangu akawachukua watoto wetu wawili kwenda kwa wazazi wake Butembo. Tulikubaliana ni kwa likizo kubwa tu. Likizo ikaisha, vita havikuisha, akawaandikisha shule hukohuko. Na muzee akaacha kuja. Dereva wake mmoja aliniambia macho yamemharibikia, haendi tena peke yake hata sokoni.

Nilibaki na nyumba ya mbao ya vyumba viwili pale mtaa wa Murara, na funguo za banda. Barua za mke wangu zilifika kwa mikono ya madereva, zimekunjwa mara nne, zinanuka mafuta ya gari. Aliandika habari za homa, za meno, za alama za shule, na mwisho kila mara, "Na wewe ujiangalie." Nilipika bugali kila jioni, na kila jioni nikakosea kipimo, nikapika wa watu wanne. Jumapili nilikwenda bandani kuwasha mashine ya ndege dakika kumi ili isishikwe na kutu, nikaizima, nikafunga. Sikuruka. Kuruka peke yangu kwa raha, kisha kurudi kwenye nyumba ile, nilijaribu mara moja tu. Nilipotua hapakuwa na wa kumwambia nilichokiona, na ikawa kama sikukiona.

Halafu wakimbizi wakaja kutoka Rwanda.

Wengine wameyaeleza hayo vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi nitasema tu nilichokiona kutoka mlango wa meteo. Watu walipita siku nne mchana na usiku, na sauti ya miguu yao ilikuwa kama mvua isiyokatika. Walilala hadi kwenye nyasi za pisti, askari wakawasukuma, wakarudi. Baada ya hapo zikaja ndege. Pisti iliyokuwa imezoea ndege tano au sita kwa siku ikapokea ndege kila robo saa, kubwa ajabu, zenye matumbo yanayofunguka nyuma, zimebeba maji, unga, dawa na mashitingi ya plastiki ya kuezekea vibanda. Kioo cha dirisha langu kilipasuka kwa mtetemo. Mtu wa mnara alianza kunipigia mwenyewe, kila mara, "Upepo? Upepo?" na hakusema tena merci.

Ni katika wiki hizo muzee alipofika. Alikuwa ameletwa kwa lori aonwe na daktari wa macho, na daktari alikuwa amemwambia hakuna cha kufanya. Mpwa wake alimshika mkono mpaka mlangoni pangu, akamketisha juu ya sanduku lile lile, akatoka nje kuvuta sigara.

"Naona mwanga bado," muzee akaniambia. "Kama mutu amesimama mbele ya dirisha, najua ni mutu. Daktari anasema hata hiyo itaisha. Nataka kwenda juu ya mawe mara moja tena."

"Muzee, angalia," nikasema, kisha nikaona aibu kwa neno hilo. "Sikiliza. Hapa hakuna hata nafasi ya nzi kupita."

"Nasikia. Kwa hiyo sikuomba niende peke yangu."

Nilipanda ngazi za mnara jioni ile. Macho ya mtu wa mnara yalikuwa mekundu, na chai yake ilikuwa imepoa mbele yake. Nikamweleza. Alinitazama kama ninamtania.

"Papa meteo, unataka kwenda kutembea? Sasa? Kuna watu wanakufa pale chini."

"Najua. Nawapita kila asubuhi nikija kazi."

"Na huyo muzee haoni?"

"Anaona mwanga tu."

Ndege moja ikaita redioni, akaijibu kwa Kifaransa, nyingine ikaita, akaijibu. Kisha akasema bila kugeuka, "Kesho saa moja na robo. Zile kubwa hazianzi kufika kabla ya saa mbili kasorobo. Nakupa nusu saa. Ukichelewa, utazunguka juu ya ziwa mpaka nikukumbuke."

Kulipokucha hapakuwa na wingu. Niliingiza kijiti kwenye tangi mara mbili. Muzee aliipapasa ndege kuanzia pua hadi mkia, polepole, akashika kila skrubu aliyoweza kuifikia, akasema, "Umeitunza." Tukapanda. Alivaa lineti zake za macho, ingawa hazikumsaidia tena kitu, na kofia yake ya manyoya.

Tuliondoka kuelekea ziwani, nikageuka kulia kufuata ufuko. Muzee aliweka kiganja kwenye kioo cha pembeni.

"Tuko wapi?"

"Tumemaliza muji. Ziwa liko kushoto."

"Na kulia?"

"Barabara ya Sake."

"Na pembeni ya barabara?"

"Mawe tu, muzee."

Nilidanganya. Chini yetu ilikuwa kambi ya wakimbizi. Nilikuwa nimeiona kwa miguu, sehemu yake ya mwanzo, lakini mtu akiwa chini anaona majirani zake tu. Kutoka juu haikuwa na mwisho. Nilifikiri, huyu amekuja kuaga kitu alichokipenda, nimpitishe haraka.

Muzee alivuta pumzi kwa pua. "Moshi hii yote inatoka kwa mawe?"

Nilitazama vipimo.

"Mutoto yangu, usinichagulie. Macho nimekosa, pua niko nayo. Sema yote."

Nikasema yote. Nikamwambia mashitingi ni ya buluu na meupe, yamepanda mpaka kwenye vilima, hayaachi hata nafasi ya kilimo. Nikamwambia miti imeisha, vimebaki visiki. Kwamba watu wamepanga mistari na mabidoni ya maji kuelekea ziwani, mistari mirefu kuliko Murara nzima. Kwamba kando ya barabara naona vitu vimelazwa, vimeviringishwa kwenye mikeka, kimoja baada ya kingine, na vingine ni vifupi.

"Vifupi namna gani?" akauliza.

"Kama vya watoto."

Alivua kofia, akaiweka kwenye magoti. Akaanza Salamu Maria kwa Kinande, lugha ya kwao Butembo, kwa sauti ya chini, na mimi nikajibu sehemu yangu huku nikitazama mbele. Tulisali hivyo mpaka moshi ukabaki nyuma. Kusema kweli, nilitaka kugeuka. Ilinijia kwamba sisi ni watu wawili tunaotumia esansi kwa ajili ya macho, juu ya watu wasio na maji. Nilimwambia.

"Ukigeuka sasa, wao watapata nini?" akasema. Alikaa kidogo. "Sijue, labda ni vibaya. Nitaulizwa mimi. Wewe rusha."

Nikapanda juu kama alivyonifundisha, nikafuata ukingo. Mawe yalikuwa pale, kama tulivyoyaacha. Nilianza kumweleza, na mwanzoni nilieleza vibaya, kama mtu anayesoma karatasi ya meteo: kushoto nyeusi, kulia kijivu. Alinisahihisha. "Nyeusi ya namna gani? Ile ya mwaka gani, yenye kupasuka ama yenye kukunjika kama kitambaa?" Nikatazama tena. Ilikuwa imekunjika, mikunjo juu ya mikunjo, na jua la asubuhi lilikuwa limeingia upande mmoja wa kila mkunjo, upande wa pili ukabaki giza. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu kipande cha msitu chenye umbo la kiatu, na ndege weupe saba juu yake. Nikamwambia moshi mwembamba wa volkano unaelekea magharibi na kwamba kule chini kabisa hakuna njia, hakuna paa, hakuna mtu hata mmoja. Nilipofika hapo niligeuka kutazama nyuma, kwa sababu tulikuwa tumetoka kuwaona watu wasio na pa kulala, na hapa palikuwa na nchi nzima tupu isiyoweza kumlaza mtu.

Uso wa muzee ulikuwa umegeukia mwanga.

Niliangalia saa, tukarudi. Tulifika ndani ya muda wetu, lakini wenye ndege kubwa hawakuusubiri. Redio ilikuwa imejaa sauti, Kifaransa cha kila namna, na nyingine za Kiingereza nisizozielewa, watu wakikatizana. Nilisubiri pengo, nikaita.

"Papa meteo, baki juu ya ziwa," mtu wa mnara akasema. "Iko nne mbele yako."

Nikazunguka. Ndege ya kwanza ikapita upande wetu, ikashuka. Ya pili. Nilitazama nje zaidi ya nilivyotazama vipimo, shingo ikaniuma. Muzee aliuliza kuhusu esansi, nikamwambia tuna saa moja na nusu. "Basi hatuna haraka," akasema, akakunja mikono kama mtu aliye kwenye benchi la kanisa.

Baada ya ya tatu, sauti ya mnara ikaja kwa haraka. "Papa meteo, ingia sasa. Fuata hii kubwa, usibaki nyuma, iko ingine dakika sita."

Nilitaka sana kutua. Nikageuza pua kuelekea pisti na kuanza kushuka. Ndege kubwa ilikuwa mbele yetu, nyeupe, pana kama kanisa, ikielea taratibu.

Muzee akainua kichwa. "Hii sauti iko juu yetu ama chini yetu?"

"Iko mbele, muzee."

"Nimeuliza juu ama chini."

Nikatazama vizuri. Ilikuwa imepita juu yetu. Tulikuwa chini ya njia yake, na upepo unaovingirika nyuma ya mabawa ya ndege kama ile hushuka na kukaa hewani dakika nzima au zaidi. Mtu aliyepima upepo maisha yake yote alipaswa kulijua hilo bila kuulizwa na kipofu. Ukingo wake ulitugusa. Bawa la kushoto lilianguka ghafla kana kwamba mtu amelivuta kwa kamba, kichwa changu kikapiga dirisha, nikaona ziwa mahali pa mbingu. Nikaipa mashine moto wote, nikageuka kuelekea upande upepo unakotoka, nikapanda. Ndege ikatulia.

"Natoka," nikasema redioni. "Sitafuata. Nitangoja ingine ipite, unipe dakika tatu nyuma yake."

"Papa meteo, sina dakika tatu!"

"Basi nitangoja mpaka uzipate."

Alikasirika, nilisikia. Alisema neno ambalo sitaliandika. Lakini tulizunguka tena juu ya ziwa, mara sita, mara saba, na mwishowe sauti ile ile, imechoka sana, ikasema, "Ingia. Una dakika nne." Nilikaa juu ya njia ya ile iliyotangulia, nikatua mbele ya mahali ilipogusa, nikatoka kwenye pisti kwa njia ya kwanza niliyoiona.

Bandani nilizima mashine. Hatukushuka mara moja. Mabati yalitetemeka, ndege nyingine ilikuwa inatua. Nilimwomba muzee msamaha kwa kupita chini ya ile kubwa.

"Ulitoka," akasema. "Wengi wanaona aibu kutoka." Kisha akanishika mkono, akaupapasa kama alivyopapasa ndege, vidole vyote mpaka kucha, na akauachia. Mpwa wake alikuwa amesimama nje. Saa sita waliondoka na lori la kahawa, barabara ya Kibati, kwenda Butembo. Sikumwona tena.

Miaka miwili baadaye vita vilifika mpaka kwetu. Nilikaa siku tano sakafuni Murara, nikila unga mkavu na kusikiliza. Niliporudi uwanjani banda halikuwa na mlango. Watu wenye silaha walikuwa wamejaribu kuiwasha ndege, wakashindwa, wakaisukuma nje, na kwenye mawe ilivunja mguu mmoja ikalala ubavu. Wiki zilizofuata ilipungua: viti, magurudumu, vioo, mwisho mashine yenyewe. Nilimwandikia muzee, nikamweleza kila kitu jinsi kilivyo. Jibu lilitoka kwa mpwa wake. Muzee alikuwa amefariki kabla ya vita, wakati wa mvua, na walidhani dereva fulani alikuwa ameniletea habari. Dereva huyo hakuniletea. Kwa hiyo nililia msiba wa zamani peke yangu, bila matanga, na kesho yake saa kumi na mbili nilikwenda kupima upepo.

Mke wangu alirudi vita vya pili, vilivyozuka baadaye, vilipopoa, akiwa na mtoto wetu mdogo. Mkubwa alibaki Butembo, alikuwa ameanza biashara. Yule mdogo aliniita papa kama unavyomwita mwanaume yeyote unayepishana naye kwenye mtaa wa Birere, na ilichukua muda mrefu kubadilika. Tulijifunza upya kukaa nyumba moja. Wakati mwingine nilijikuta nimetoka nje kukaa juu ya mawe, kwa sababu nilikuwa nimezoea kimya, na mke wangu alinitazama kutoka mlangoni bila kuniita.

Habari za nusu saa ile nilimsimulia mara moja tu, alasiri moja tukichagua mchele. Nilieleza vizuri, na mikunjo ya mawe, na ndege weupe, na bawa lililoanguka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliogopa?" akauliza.

"Dakika moja tu," nikasema.

Aliendelea kuchagua mchele. "Sisi kule tuliogopa kila siku," akasema. "Lori likichelewa siku moja, naanza kukuzika. Niliisha kukuzika mara mingi sana. Na wewe hata haukuandika kama ulikwenda hewani."

Nilitaka kusema kwamba sikuandika ili asiogope. Nikaona sivyo ilivyokuwa. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu wa kumwandikia. Hilo nalo sikulisema. Nilisogeza sinia karibu yangu, nikachukua upande wangu wa mchele, na tukachagua mpaka mwanga ukaisha.